Hewa Iliyolinda Maharage ya Mama

Nilisafiri na fukusi mapajani. Walikuwa ndani ya chupa ya kioo iliyowahi kuwa ya siagi ya karanga, wamejichimbia kwenye maharage yaliyotobolewa mpaka yakafanana na vifungo vya shati, na mfuniko nilikuwa nimeuzungushia nta ya mshumaa ili hewa isipite. Ilikuwa mwezi wa saba, baridi ya Ufipa imekaza. Abiria wa pembeni yangu aliiangalia ile chupa tangu Sumbawanga mpaka nilipoteremka kijijini kwetu, kwenye barabara iendayo Kipili, bila kuniuliza chochote. Nilitamani sana aniulize.

Mimi ni mwalimu wa kemia. Ninaishi Chanji, nafundisha sekondari pale mjini, na ugonjwa wangu ni kwamba nikielewa kitu siwezi kukaa nacho peke yangu. Lakini safari hiyo nilikuwa na sababu kubwa kuliko ugonjwa wangu. Mama alikuwa amebakiwa na debe moja la mbegu.

Ni maharage madogo, meupe kama maziwa, yenye michirizi myekundu. Mama alipewa na mama yake alipoolewa, na bibi naye alipewa na mama yake. Yanaiva upesi, na mchuzi wake ni mzito bila kuunga na kitu. Sokoni Sumbawanga maharage ni ya kila rangi, magunia kwa magunia, lakini haya nimeyatafuta miaka mitatu sijayaona. Zamani ukoo mzima ulikuwa nayo. Mmoja akahamia mbegu za dukani kwa kuwa zinazaa zaidi, mwingine akafariki na watoto wake wakayala yote. Wa mwisho alikuwa mama mdogo, mdogo wake mama anayekaa kijiji cha jirani, na mwaka ule fukusi walimwachia maganda na unga. Wale wa kwenye chupa walitoka kwake. Kwa hiyo debe lililokuwa chini ya kitanda cha mama ndilo pekee tulilolijua, nalo lilikuwa limeanza kutoa unga chini.

Majivu yalikuwa yamemsaidia mama miaka mingi, ila mwaka ule hayakutosha. Dawa ya unga hakuitaka, na sikumlazimisha.

Niliwakuta wote wawili jikoni, wamelizunguka jiko.

"Shikamoo mama. Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba. Umetuletea nini?"

"Fukusi."

Mama mdogo aliigeuza chupa kwenye mwanga wa mlango. "Hawa si wangu hawa? Nilikupa uende nao, unawarudisha?"

Niliwaomba watazame tu, wasiseme kwanza. Nikabandua nta, nikasogeza mfuniko kidogo, nikawasha njiti ya kiberiti na kuishusha ndani. Moto ulizimika kabla haujayafikia maharage. Haukufifia kidogo kidogo. Ulizimika papo hapo, kama umebanwa na vidole. Nikawasha njiti nyingine, nikaishusha ndani ya kikombe kitupu. Ile iliwaka mpaka ikakaribia kuniunguza.

"Umeweka dawa," mama alisema.

"Sikuweka kitu."

"Basi nini kimeuzima?"

"Fukusi wa mama mdogo."

Hapo nilivuta kigoda nikakaa, maana nilikuwa nimeisubiri nafasi hiyo tangu stendi. Nitaeleza hapa kama nilivyowaeleza wao.

Hewa inayotuzunguka, ukiigawa mafungu matano, fungu moja hivi ndilo oksijeni. Hiyo ndiyo inayowasha moto, inayotia chuma kutu, inayotuweka hai sisi na fukusi. Karibu mafungu manne yote yanayobaki ni gesi nyingine, nitrojeni. Nayo hii haina makuu. Haiwaki na haiwashi. Ukiivuta inaingia mapafuni na kutoka kama ilivyoingia. Vitabu vyetu huziita gesi za tabia hiyo ajizi, maana yake hazimenyuki kirahisi: ukiziweka pamoja na kitu kingine, wiki au mwaka, kila kimoja kinabaki kilivyokuwa. Sababu ni kwamba chembe za nitrojeni hutembea mbili mbili, na kila mbili zimeshikana kwa mikono mitatu. Hazina mkono uliobaki wa kukishika kitu kingine.

Sasa wafungie fukusi mahali hewa haiingii. Wanaitumia oksijeni kama sisi, na badala yake wanatoa kabonidayoksaidi, ambayo nayo haiwashi moto. Nitrojeni iko pale pale, haijaguswa. Baada ya siku kadhaa hakuna cha kuvuta. Hatujawawekea sumu. Wamemaliza wenyewe kilichokuwa kinawaweka hai, wakabaki na kisichowafaa kitu.

Mama mdogo alinisikiliza huku akichokoa moto. "Hiyo nitrojeni ndiyo ile gesi wanayoitafuta kule bondeni, Ziwa Rukwa?"

"Hapana, ile ni heliamu. Ile ndiyo ajizi kweli kweli. Haishikani na chochote, hata yenyewe kwa yenyewe."

"Inapikia?"

"Haiwaki kabisa, mama mdogo."

Aliacha kuchokoa moto. "Mimi nimemwambia jirani yangu asinunue mtungi. Asubiri ya kwetu."

Mama alicheka mpaka akakohoa, na nadhani kicheko kile kilinisaidia kuliko somo lote. Alikwenda chumbani akarudi na debe. Kabla ya kulitua aliniuliza swali moja.

"Mbegu iko hai. Na hii utaifungia bila hewa?"

"Ikiwa kavu inavuta hewa kidogo sana, mama. Inaweza kukaa miezi. Fukusi hawezi."

"Nakupa kwa sababu ni wewe. Zikifa, utanitafutia wapi nyingine?"

Alilitua debe mbele yangu kabla sijajibu. Tulizianika siku mbili mpaka zikawa zinalia kama kokoto ukizitikisa. Tukazitia kwenye mfuko wa kuhifadhia nafaka niliokuja nao, wenye mifuko miwili ya nailoni ndani na kiroba nje. Tukakamua hewa yote iliyokaa juu ya maharage, maana nafasi kubwa ni chakula kingi cha fukusi. Tukapinda shingo ya kila mfuko na kuifunga kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Nikamwambia asifungue mpaka siku ya kupanda. Kisha nikarudi mjini nikiwa na furaha isiyo na kipimo.

Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu walipata habari za fukusi wiki nzima. Mmoja alininyooshea mkono: "Madam, kama gesi haifanyi kitu, tunaisoma ya nini?" Nililipenda swali lile mpaka nikampigia makofi. Kesho yake nilikuja na pakiti ya krispi, imevimba kama mto wa kulalia, kwa kuwa imejazwa kiwandani huko pwani na kuletwa huku juu kwetu ambako hewa ni nyepesi. Niliwaambia kilichomo mle pamoja na krispi ni nitrojeni. Imewekwa kwa makusudi, kwa sababu mafuta ya krispi yakikutana na oksijeni yanachacha. Kuna kazi inayohitaji mfanyakazi asiyegusa chochote. Pakiti haikufika mwisho wa kipindi.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja, mvua zikiwa zimeanza, nilikwenda tena kumsalimia mama. Mfuko ulikuwa kwenye kona yake, umesimama juu ya vipande viwili vya mbao kama nilivyouacha. Lakini fundo halikuwa langu. Mimi hukunja ukanda wa mpira nikauchomeka. Huu ulikuwa umefungwa kama mama anavyofunga mzigo wa kuni, vifundo viwili juu ya kingine.

"Mama, mfuko ulifunguliwa?"

"Ulikwenda kanisani," alisema, kwa sauti ya mtu anayetoa habari njema.

Kwetu, kabla ya kilimo, kuna Misa ya kubariki mbegu. Kila nyumba hupeleka mahindi, ulezi, maharage, kwa vikapu na ndoo, na padri hupita akinyunyiza maji ya baraka. Nimekwenda Misa hiyo utoto wangu wote. Lakini sikuikumbuka hata kidogo nilipokuwa natoa amri yangu ya mwezi wa saba. Mama alijitwika mfuko mzima. Wengine walipeleka kikombe kwa niaba ya zote, ila hizi, alisema, zilikuwa za mwisho na hakutaka hata moja ikose. Alifungua shingo zote mbili za nailoni, akazipanua.

"Padri akanyunyiza, akapita. Nikaona yameishia juu ya nailoni. Nikamwomba arudi."

"Akarudi?"

"Mara mbili. Padri mwema yule."

"Kisha ukafunga."

"Pale pale, nikakamua hewa kama ulivyonifundisha. Sikuchelewa hata kidogo."

Hiyo ilikuwa wiki tatu nyuma. Nilikaa kitandani kwake. Nitrojeni haikunitisha, wala ile hewa iliyoingia. Kwa siku nne tano za hewa mpya, fukusi wachache waliobaki hai, kama walikuwapo, wasingefanya mengi. Kilichonitisha ni maji. Kitu kikavu kinaweza kukaa karibu na kingine miaka bila kuambiana neno. Tia maji kidogo, na vyote vinaanza kutembeleana: ukungu unaamka, mbegu inaamka, vilivyolala vinataka kula. Nami nilikuwa nimemweleza mama habari za fukusi kwa urefu na mapana, na kuhusu maji nilikuwa sijasema neno moja. Nilimpa amri ya kutofungua, nusu ya sababu nikaondoka nayo mjini.

Mama aliuona uso wangu. "Nimeziua?"

"Hatujui. Tufungue."

"Ulisema tusifungue."

"Nilisema. Sasa nasema tufungue."

Mama mdogo, aliyekuwa amekuja kusuka mkeka, aliinua kichwa. "Huyu mwalimu wenu ana somo la mwezi wa saba na somo la mwezi wa kumi na moja."

Tulibeba mfuko uani, jua likiwa limetoka kati ya mvua mbili. Vidole vyangu havikuyaweza mafundo ya mama, aliyafungua mwenyewe. Harufu ilitoka kwanza, harufu ya chumba kilichofungwa na nguo mbichi. Juu kabisa kulikuwa na bonge, kiasi cha ngumi mbili, maharage yameshikana kwa ukungu wa kijivu. Baadhi yalikuwa yametoa ncha nyeupe ya mzizi, urefu wa punje ya mchele, yakafia hapo.

Mama alilichukua lile bonge kwa mikono miwili. Hakulia, ila alilishika muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Zilitaka kuota," alisema.

"Ndiyo. Ulikuwa sahihi kwamba ziko hai. Zikilowa zinahitaji hewa nyingi, na mle hazikuipata."

"Kwa hiyo baraka haipiti kwenye nailoni," mama mdogo alisema.

"Baraka inapita," mama alimjibu bila kumtazama. "Maji ndiyo hayapiti. Hilo sikuambiwa."

Tulimwaga zilizobaki kwenye mkeka, nami nikapiga magoti. Chini ya lile bonge maharage yalikuwa makavu. Niliyasambaza kwa viganja, polepole, nikiinamisha uso karibu na mkeka. Kila mahali katikati ya michirizi myekundu kulikuwa na vidoa vya kahawia, vidogo kuliko kichwa cha kiberiti. Fukusi. Nilimpuliza mmoja, akabiringika kama makapi. Nikamweka kiganjani kwenye jua. Hakusogeza mguu. Nikachukua mwingine, na mwingine. Mama aliwaokota kwa kucha, mmoja mmoja, akiwapanga kwenye mfuniko wa sufuria. Matundu kwenye maharage yalikuwa yale yale ya zamani, hayakuwa na unga mpya.

"Wote wamekufa," mama alisema.

"Wote."

"Bila dawa."

"Bila dawa, mama."

Mama mdogo aliacha mkeka wake akaja kuchuchumaa nasi. Tulikaa watu wazima watatu tukiwachokonoa wadudu waliokufa, tukicheka kila tulipokuta mwingine. Tulilitupa bonge lenye ukungu na yote yaliyoligusa. Tukaanika yaliyobaki mpaka yakalia tena kama kokoto, tukakausha nailoni kwa kitambaa ndani na nje, tukafunga upya. Safari hii nilieleza yote, maji na hewa, na mama alinirudishia maelezo kwa maneno yake mpaka nikaridhika. Lakini kama zilizobaki zilikuwa hai au zimeguswa na unyevu ndani kwa ndani, hakuna jicho lililoweza kusema. Mbegu iliyokufa na mbegu iliyolala zinafanana.

Tulisubiri mpaka mwezi wa pili. Kwetu maharage hupandwa wakati huo, juu ya intumba, yale matuta ya mviringo ambayo ndani yake tumefukia nyasi ili zioze. Wiki moja kabla, mama alihesabu mbegu ishirini, akazikunja ndani ya kipande cha gunia kilicholowa, akakiweka karibu na jiko. Alinipigia simu siku ya tano, saa nne asubuhi, nikiwa ofisini na rundo la madaftari.

"Mbili zimelala," alisema.

"Zimelala ngapi, mama?"

"Mbili. Nyingine zote zimetoa miguu."

Niliwaambia walimu wenzangu wote waliokuwa ofisini, pamoja na wa historia ambaye hakuwa ameuliza.

Ningeweza kuishia hapo, lakini kuna jambo mama alinifundisha mwezi wa nne ambalo nisipoliandika nitakuwa nimedanganya kuhusu nitrojeni. Nilikwenda kumsaidia palizi. Maharage yalikuwa yamefunika intumba, yanaanza kutoa maua. Nililing'oa shina moja nimwonyeshe kitu. Mizizi ilikuwa na vinundu vidogo, kama ulezi uliogandishwa juu yake. Nilikipasua kimoja kwa ukucha: ndani kilikuwa chekundu kama nyama.

"Huu si ugonjwa?" mama aliuliza.

"Si ugonjwa. Humu wanaishi bakteria. Wanaivuta nitrojeni iliyo kwenye udongo, ile ile ya hewani, wanaitenganisha mikono yake mitatu, na kuigeuza kuwa chakula cha mharage."

Mama aliegemea jembe. "Uliniambia haishikani na kitu."

"Nilisema vibaya. Haishikani kirahisi. Inahitaji nguvu nyingi sana. Radi inaweza. Viwandani wanaweza, kwa joto kali na mgandamizo mkubwa. Na hawa wanaweza, humu kwenye udongo wa baridi, kimya kimya, na mharage ndio unaowalisha sukari ili wapate hizo nguvu."

"Ndiyo maana tukisambaza tuta, ulezi unakubali mwaka unaofuata."

"Ndiyo maana."

Nilikuwa nimefundisha mambo hayo miaka mingi, gesi ajizi kwenye mada moja, rutuba ya udongo kwenye nyingine, na sikuwahi kusimama shambani nikiwa nimeyashika yote kwenye mkono mmoja. Kusema kitu ni ajizi si kusema hakina uwezo. Ni kusema kinataka gharama ambayo wengi waliokizunguka hawana. Fukusi hakuwa nayo, akafa katikati ya nitrojeni tele. Mharage unayo, kwa msaada wa wageni wake, na unaila nitrojeni hiyo hiyo. Nilimweleza mama haya nikitembea huku na huku kati ya matuta, mpaka akaniambia nishike jembe, ninakanyaga mbegu zake.

Tulivuna mwezi wa sita. Debe lililopungua lilirudi kuwa magunia mawili na kitu. Mama alichagua mwenyewe za mbegu, akikaa juani na ungo, akitoa kila iliyokunjamana. Alipojaza mfuko wake, alijaza na ndoo moja, akaifunika kwa kitenge, akamwita mdogo wake.

"Hizi ni zako. Usile."

"Nisionje hata?"

"Onja zangu. Hizo usile."

Nilimpa mama mdogo mfuko mpya wa nailoni na mkanda wa mpira, nikaanza kumweleza. Alinikatiza: zikauke mpaka zilie, kamua hewa, pinda, funga, na padri apelekewe kikombe tu. Alisema yote kwa mfuatano, akatazama kama nina la kuongeza.

Bodaboda ilimsubiri barabarani. Alikataa ndoo ifungwe nyuma kwa kamba, aliipakata.

"Bibi, ni maharage tu hayo," dereva alisema.

"Nenda taratibu," mama mdogo akamwambia. "Na kwenye maji, zunguka."

Tulisimama na mama tukiwatazama wakiteremka kuelekea kijiji cha jirani, dereva akikwepa kila dimbwi lililokuwa bado halijakauka. Mama alisubiri mpaka wakapotea kwenye kona. Kisha akasema sasa mbegu ziko nyumba mbili, akaingia ndani kupika.